Kuchagua Bastola ya Kutegemewa Katika Mazingira Magumu: Mwongozo Kamili

Ukilinganisha na bunduki ndefu, bastola kwa kawaida ni dhaifu zaidi na ngumu zaidi kulenga nayo. Bunduki ndefu ya kaliba (ukubwa wa risasi) ya .308 hutoa nishati ya jouli zipatazo 3,500. Bastola ya milimita 9 hutoa kama 500 tu. Anayekwenda nayo porini, jangwani, baharini au kwenye barafu hafuati nguvu. Anaichukua kwa sababu inakaa mwilini muda wote: akichota maji, akitafuta kuni, akiwa amelala hemani usiku wa manane huku bunduki kubwa imeegemezwa mahali asipoufikisha mkono. Basi swali la kujiuliza kabla ya kutoa hela ni hili: ipi itafyatuka baada ya wiki tatu za mvua, tope na mwenyewe kuchoka kiasi cha kutoisafisha?

Uimara huo hauko kwenye bastola peke yake. Uko kwenye kifurushi kizima: bastola, magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), risasi, mafuta, ala (mfuko wa kubebea bastola mwilini) na mkono unaoishika. Watu wengi humaliza bajeti yote kwenye kitu cha kwanza, halafu vile vitano vinanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Mimi ningefanya kinyume: ninunue bastola ya kawaida isiyo na mbwembwe, na fedha inayobaki iende kwenye risasi za majaribio, magazini za ziada na ala nzuri.

Kabla ya yote: kibali

Nchi nyingi hazimruhusu raia kumiliki bastola bila leseni, na baadhi haziruhusu kabisa. Leseni ya kumiliki mara nyingi si ruhusa ya kuibeba, na ruhusa ya kuibeba mjini si ruhusa ya kuingia nayo hifadhini. Ukivuka mpaka, kila kitu kinaanza upya. Uliza kwa maandishi, pata jibu kwa maandishi. Ukishajua sheria inakuruhusu kaliba gani na risasi ngapi, utakuta nusu ya orodha yako imejifuta yenyewe.

Hatua ya 1: Andika unakabiliana na nini

Chukua karatasi, uandike mambo mawili tu: hali ya hewa ya mahali unapokwenda, na kiumbe au hatari unayoihofia. Usiandike "chochote kinachoweza kutokea", kwa sababu bastola ya kila kitu haipo.

Baridi kali hugandisha mafuta na kuyageuza barafu matone ya maji yaliyojificha ndani. Vumbi laini la jangwani huchanganyika na mafuta likawa uji wa kusagia chuma. Hewa ya chumvi huleta kutu kwa usiku mmoja, hasa kwenye springi na skrubu ndogo ambazo hakuna anayezitazama. Msitu wenye mvua hulowesha ala ya ngozi ikakaa na unyevu siku nzima ubavuni mwa chuma. Kila moja ya hali hizi inadai bastola tofauti kidogo na matunzo tofauti sana.

Kuhusu hatari yenyewe, uwe mkweli. Kama unachohofia ni dubu, jua kwamba dawa ya pilipili ya kupulizia imewahi kupimwa kwa umakini: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu matukio ya Alaska ulikuta kwamba ilimzuia mnyama katika asilimia 90 au zaidi ya matukio. Haihitaji shabaha ya hali ya juu, na haimjeruhi mwenzako akiwa njiani. Beba bastola kama nyongeza ya dawa hiyo, ya ziada kwa siku ambayo upepo unakupuliza usoni. Na kama haja yako kubwa ni kupata kitoweo, bastola ni chombo kibaya. Bunduki ndogo ya .22 yenye mtutu mrefu itakulisha vizuri zaidi.

Hatua ya 2: Rivolva au bastola ya magazini

Hapa ndipo watu hubishana mpaka alfajiri, na ubishi mwingi umejengwa juu ya imani kwamba rivolva, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa kwenye silinda inayozunguka, haikwami. Inakwama. Ikikwama, mara nyingi inakwama vibaya kuliko bastola ya magazini.

Chukua rivolva iliyopiga risasi hamsini bila kusafishwa. Hakikisha haina risasi, fungua silinda, sukuma ule ufito wa kutolea maganda hadi mwisho, kisha tazama chini ya ile nyota ndogo ya chuma inayoyanyanyua. Utaona punje za baruti ambazo hazikuungua, nyeusi au za kijivu, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Punje moja tu ikinasa pale chini, nyota haikai tena sawasawa kwenye kitako chake. Silinda inakuwa ndefu kwa unene wa unywele, inasugua ukuta wa nyuma, triga inakuwa nzito ghafla, na wakati mwingine silinda inagoma kufunga kabisa. Dawa yake ni tabia: unapotoa maganda, elekeza mtutu juu, piga ufito mara moja kwa nguvu ili uchafu uanguke chini pamoja na maganda, na kila jioni pitisha mswaki mkavu chini ya nyota.

Kuna tatizo jingine wasilolijua wengi wanaonunua rivolva nyepesi ya kaliba nzito. Teke la kila risasi inayofyatuka huzivuta nyuma zile ambazo bado hazijapigwa, lakini vichwa vyake vya risasi hubaki mbele kwa uzito wake. Baada ya milio miwili mitatu, kichwa kimoja kinaweza kuchomoza nje ya silinda na kuizuia kuzunguka. Ukitaka kaliba nzito kwenye rivolva, nunua ya chuma yenye uzito wa kutosha, na ujaribu risasi zako uone kama vichwa vinasogea.

Tofauti ya msingi ninaieleza hivi: rivolva huvumilia kusahauliwa, bastola ya magazini huvumilia kuchafuliwa. Rivolva inaweza kulala kwenye sanduku miaka mingi ikiwa imejazwa, kwa kuwa springi yake kuu haijabanwa, nawe ukaitoa na ikalia. Risasi ikigoma, unavuta triga tena na nyingine inakuja. Mnyama akiwa amekulalia na mtutu umegusa mwili wake, rivolva bado inafyatuka, wakati slaidi ya bastola ya magazini, yaani kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, ikisukumwa nyuma milimita chache inaweza kuikatalia pini isipige. Hizo ni faida za kweli, na kwa mtu ambaye hatafanya mazoezi mara kwa mara, zina uzito.

Bastola ya magazini kwa upande wake ina slaidi nzito inayosukumwa na nguvu ya risasi yenyewe. Mwendo ule hupenya kwenye tope na mchanga ambao kidole chako kisingeweza kuushinda. Inafunguka bila bisibisi kwa sekunde chache, ikasuuzwa, ikarudishwa. Sehemu zake nyingi ni za kubadilisha, hazihitaji fundi mwenye tupa. Rivolva ikipoteza mpangilio wake wa ndani porini, imekwisha mpaka utakaporudi kwa fundi.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Mtu wa mazoezi anayekwenda kwenye vumbi, tope, mvua au bahari achukue bastola ya magazini. Asiye na muda wa mazoezi, au anayeiweka kwenye mashua au kibanda kwa dharura na kuitazama mara chache, achukue rivolva ya chuma kisichoshika kutu.

Hatua ya 3: Kaliba

Anza na kaliba unayoweza kuipiga mara tano kwa haraka na zote zikaingia kwenye sahani umbali wa mita saba. Hicho ndicho kipimo. Risasi kubwa iliyokosa haina nguvu yoyote.

Milimita 9, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo kaliba ya bastola iliyoenea zaidi duniani. Risasi moja nzima ina uzito wa gramu kama 12, hivyo mia moja hazifiki kilo moja na robo. Teke lake ni dogo, magazini huchukua 15 au 17, na risasi zake zinapatikana mahali pengi. Kwa hatari nyingi za njiani inatosha, na kama sikuambiwa zaidi ya hapo ningemshauri mtu yeyote aanzie hapo.

Kwa wanyama wakubwa, kinachohitajika ni risasi kupenya ndani kabisa. Hapo milimita 10 iliyotoka mwaka 1983, .357 Magnum ya mwaka 1935 na .44 Magnum ya mwaka 1955 zina kazi. Kwa makadirio, .357 na milimita 10 hutoa jouli 700 hadi 900 kutegemea risasi na urefu wa mtutu; .44 huvuka 1,000 bila shida. Doria ya Sirius, kikosi cha jeshi la Denmark kinachozunguka kaskazini mashariki mwa Greenland kwa sledi za mbwa, hubeba Glock 20 ya milimita 10 kwa ajili ya dubu weupe, ikiwa nyongeza ya bunduki ndefu. Angalia vizuri: hata wao, wanaoishi katika baridi hiyo, hawaitegemei bastola peke yake.

.357 ina faida moja ninayoipenda sana: rivolva yake hupiga pia .38 Special, risasi laini iliyoanza mwaka 1898. Unafanya mazoezi kwa ile nyepesi, unabeba ile nzito.

Nayo .22? Ni nyepesi ajabu, gramu tatu na ushee kila moja, lakini kemikali yake ya kuwashia imemwagwa kwenye ukingo wa ganda badala ya kuwa na fataki (kikofia kidogo cha kuwashia baruti) yake katikati. Ikitokea sehemu ya ukingo haikupata kemikali, pini ikapiga hapohapo, hakuna mlio. Kwa ndege na sungura sawa. Kwa kuokoa maisha, hapana.

Aina ya kichwa cha risasi nayo iendane na shabaha. Dhidi ya mnyama mwenye mifupa minene na mafuta mengi, chagua risasi ngumu ya ncha bapa isiyopanuka, kwa sababu ile yenye tundu nchani hupanuka mapema na kusimama kabla haijafika panapohitajika.

Hatua ya 4: Chuma, mipako na umbo

Jeshi la Austria lilipoichukua Glock 17 mwaka 1982, bastola ya fremu ya polima, yaani plastiki ngumu, ilionekana kitu cha ajabu. Leo ndiyo kawaida, na kwa mazingira magumu kuna sababu nzuri: polima haishiki kutu, haivuti joto la kiganja haraka kwenye baridi, na ni nyepesi. Ikiwa tupu, Glock 17 ina gramu kama 630, wakati rivolva ya chuma ya .357 yenye mtutu wa inchi nne hupita kilo moja.

Kwa sehemu za chuma, usivutiwe na weusi unaong'aa. Rangi ile ya buluu ya kizamani ni nzuri machoni lakini huzuia kutu kidogo tu. Tafuta chuma kilichotiwa naitrojeni kwa joto, kwa sababu ugumu huo unaingia ndani ya ngozi ya chuma na haukwanguki kama rangi. Chuma kisichoshika kutu nacho ni kizuri, ila jina lake limewadanganya wengi: kwenye chumvi kinashika kutu, polepole tu.

Mambo ya umbo yanayofaa kuangaliwa dukani ni machache. Kidole kilichovaa glavu kiingie kwenye tundu la triga bila kuigusa triga yenyewe. Alama za kulengea ziwe za chuma, kwani za plastiki hukatika bastola ikianguka kwenye mwamba, na ile ya nyuma iwe na ukingo wa mbele uliosimama wima, ili ukiumia mkono mmoja uweze kuinasa kwenye mkanda au kisigino cha kiatu na kuvuta slaidi. Alama zinazong'aa usiku kwa gesi ya tritiamu ni msaada mkubwa, lakini nusu ya mwanga wake hupotea kila baada ya miaka 12 hivi. Ukinunua iliyotumika, ulizia mwaka. Mpini ujae kiganjani, na kidole kiifikie triga bila kukunja kifundo. Bastola isiyokaa mkononi irudishe kabatini hata kama dunia nzima inaisifu.

Epuka bastola ndogo sana za mfukoni. Slaidi fupi ina muda mfupi wa kupokea risasi inayofuata na springi kali zaidi, hivyo uchafu kidogo tu unaisumbua. Ya ukubwa wa kati au kamili ndiyo rafiki wa porini. Vilevile usibadilishe springi wala triga kwa vipande vya mbwembwe. Bastola iliyolegezwa triga kwa ajili ya mashindano hupiga fataki kwa nguvu ndogo, na kwenye baridi nguvu ile haitoshi.

Hatua ya 5: Kukagua iliyotumika

Hakikisha haina risasi: toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi), ingiza kidole. Rudia. Fanya hivyo hata kama muuzaji amekwisha kukuonyesha, naye atakuheshimu.

Mulika mtutu kutoka nyuma. Mistari ya ndani iwe mikali, bila mashimo ya kutu na bila pete nyeusi ya mviringo mahali popote. Pete ile ina maana risasi moja iliwahi kunasa na ya pili ikapigwa nyuma yake, usiinunue. Kwenye bastola ya magazini, angalia kijino kinachovuta maganda kisiwe kimekatika au kulika, na mdomo wa magazini usiwe umepinda. Kwenye rivolva, vuta nyundo polepole kwa dole gumba huku kidole cha mkono mwingine kikigusa silinda kwa wepesi kama breki. Silinda ilie na kufunga kabla nyundo haijafika mwisho, kwa matundu yote. Kisha shika silinda ikiwa imefungwa, isukume mbele na nyuma: mchezo ukionekana kwa macho, rivolva imechoka.

Hatua ya 6: Magazini na risasi

Bastola nyingi zinazosifika kukwama hazina kosa. Kosa liko kwenye magazini. Mfano mkubwa ni wa jeshi la Marekani na bastola ya M9, yaani Beretta 92 iliyochukuliwa mwaka 1985. Bastola yenyewe ilikuwa imepimwa na kukubaliwa. Lakini huko Iraki askari walilalamika sana kwamba zinakwama, na chanzo kikubwa kikawa magazini zilizonunuliwa kwa mkandarasi zikiwa na mpako mkavu wa fosfeti wenye ngozi ya kukwaruza. Vumbi laini lilishika ndani ya kuta zile, risasi hazikupanda kwa kasi ya kutosha. Baadaye zilitolewa magazini zenye mpako wa kuteleza kwa ajili ya mchanga. Bastola ileile, mchanga uleule, magazini tofauti.

Basi nunua magazini za mtengenezaji wa bastola yako, angalau nne. Ziandike namba kwa rangi isiyofutika, 1 hadi 4. Bastola ikikwama, andika namba ya magazini iliyokuwa ndani. Ikijirudia namba ileile mara mbili, umempata mkosaji; itenge kwa mazoezi tu. Kuhusu hofu ya springi kuchoka kwa kuachwa imejazwa: springi nzuri huchoshwa zaidi na kujazwa na kumwagwa kila mara kuliko kukaa tuli.

Risasi ziwe za kiwandani, mpya, za chapa moja uliyoijaribu. Kwa mahali pa unyevu chagua zile ambazo fataki na mdomo wa ganda vimezibwa kwa laki. Usizipake mafuta hata kidogo. Mafuta mepesi hupenya kwenye fataki na kuiua. Zifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa pamoja na paketi ya kunyonya unyevu, na usiziache kwenye gari lililofungwa juani.

Kuna kosa moja la wabebaji wa kila siku ninalotaka lieleweke vizuri. Kila unapoitoa risasi ya chembani na kuirudisha, kichwa chake hugonga njia ya kuingilia na kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Baruti inapata nafasi finyu, na mgandamizo wakati wa mlio unapanda hadi kiwango cha hatari. Linganisha risasi hiyo na mpya, ziweke wima mezani ubavu kwa ubavu. Ikiwa imefupika, usiipige. Itenge na uipeleke kwa wahusika kwa kuharibiwa.

Hatua ya 7: Majaribio kabla ya kuiamini

Bastola mpya haijathibitisha chochote. Nenda uwanja wa shabaha na risasi 200 za mazoezi na zisizopungua 100 za aina utakayobeba. Usiisafishe katikati. Kila magazini ijazwe hadi juu angalau mara mbili, kwa sababu matatizo hupenda risasi ya kwanza na ya mwisho. Piga kwa mikono miwili, kisha mkono wa kulia pekee, kisha wa kushoto pekee, kisha umevaa glavu zilezile utakazovaa safarini. Kifundo kikilegea, slaidi haipati ukuta wa kusukumia nayo haimalizi mwendo. Ni vema ukaligundua hilo uwanjani.

Risasi zile 100 za kubeba zipite zote bila kugoma hata moja. Ikigoma, tafuta chanzo, rekebisha, anza kuhesabu upya. Ni gharama, najua. Lakini ukiona huwezi kugharimia jaribio, nunua bastola ya bei nafuu zaidi ili uweze.

Jifunze na kutatua mkwamo mpaka mikono ifanye bila kufikiri: gonga kitako cha magazini, vuta slaidi nyuma kwa nguvu na uiachie, lenga upya. Risasi ikigoma uwanjani, elekeza mtutu mahali salama kwa sekunde 30 kabla ya kuitoa, kwani baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, acha papo hapo, toa risasi zote, uangalie mtutu kama umeziba.

Kote huko sheria nne hazipumziki: ichukulie kila bastola kuwa imejaa, usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiangamiza, kidole kikae nje ya triga hadi umelenga, jua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Uchovu na baridi ndivyo vinavyozifanya zisahaulike, na safari ngumu ina vyote viwili.

Hatua ya 8: Mafuta kulingana na mahali

Kwenye baridi kali, mafuta ya kawaida huwa mazito kama asali na slaidi inatambaa. Ifungue, ioshe kwa kiyeyushi mpaka isibaki na grisi yoyote, kisha paka mafuta membamba yaliyotengenezwa kwa baridi, kiasi cha kuacha ung'avu tu, au unga mkavu wa grafiti. Hatari kubwa zaidi ni kuingia na kutoka. Ukiileta bastola baridi ndani ya hema lenye joto, unyevu unaigandia ndani na nje. Ukitoka nayo, unyevu ule unakuwa barafu kwenye pini. Iache mahali pa baridi palipo salama na uilinde, au ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa kabla ya kuingia nayo ili unyevu ugandie mfuko.

Kwenye vumbi, tone moja kwenye kila reli linatosha, kisha futa. Kila jioni pitisha brashi kavu. Kwenye bahari geuza kanuni: paka kwa ukarimu nje na ndani, na ikizama kwenye maji ya chumvi, isuuze kwa maji baridi matamu siku hiyohiyo, ifungue, ikaushe, uipake upya. Toa pia springi za magazini; kutu huanzia huko.

Tundu la pini ya kupigia fataki liache kavu katika hali zote. Mafuta mle ndani hukusanya uchafu, hupunguza kasi ya pini, na unapata mgomo ambao hutaujua chanzo chake.

Mtutu ukiingia maji, usifyatue. Elekeza chini, vuta slaidi nyuma milimita chache hewa ipite, subiri maji yamwagike. Ukiingia tope au theluji, toa risasi zote kwanza, ndipo uzibue.

Hatua ya 9: Ala

Ala ifunike triga yote kwa kitu kigumu kisichokunjika, iishike bastola hata ukianguka kichwa chini, na mdomo wake ubaki wazi bastola inapotoka ili uirudishe kwa mkono mmoja. Plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako hufanya yote hayo, na haitunzi maji. Ngozi ni tulivu na haina kelele, lakini ikilowa inachukua siku kukauka na bastola isilazwe ndani yake usiku.

Nyonga si mahali pazuri kwa msafiri. Mkanda wa begi unaziba mpini, na koti refu linamaliza kazi. Ala ya kifuani inaifanya bastola ipatikane ukiwa umevaa begi, umekaa kwenye mtumbwi, au umesimama mtoni maji yakiwa kiunoni. Tatizo lake ni kwamba unapoitoa, mtutu unaweza kupita mbele ya mkono wako wa kushoto. Jizoeze ukiwa na bastola tupu mpaka mkono ule ujifunze kubaki kifuani. Kwenye mashua funga na kamba ya usalama kutoka kitako cha mpini hadi mkandani.

Hatua ya 10: Mfuko wa vipuri

Kwa safari ndefu weka ndani ya mfuko mdogo usiopitisha maji: springi ya kurudishia slaidi, kijino cha kuvutia maganda pamoja na springi yake, pini ya kupigia, vitambaa, kamba ya kusafishia mtutu, mswaki na chupa ndogo ya mafuta yanayofaa mahali uendapo. Kwa rivolva ongeza bisibisi inayoingia barabara kwenye skrubu zake na kaza kila wiki, ukianza na ule ufito wa maganda, kwa kuwa ukifunguka kidogo tu unazuia silinda isitoke. Kwa bastola ya magazini, badilisha springi ya kurudishia kila risasi 3,000 hadi 5,000, au kama kijitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Idadi hiyo iandike tangu siku ya kwanza ya majaribio, kwenye daftari lilelile la namba za magazini.